Jina la Mtunza Mto

"Inauliza kwa nini unataka kujiunga," Gathua alisema bila kuinua macho kutoka kwa simu aliyokuwa akiifungua. "Andika tu kitu."

Kalekye aliishika simu yake kwa mikono miwili kama anayeshika kikombe cha uji wa moto. Kisanduku cheupe kilikuwa wazi kikimngoja.

"Wote wanaulizwa?"

"Wote. Hata mimi niliulizwa, na hiyo swali ni mimi niliweka."

"Ukajibu nini?"

"Niliandika nimechoka kuongea na simu za watu." Akacheka peke yake, halafu akapuliza vumbi kwenye simu iliyofunguliwa tumbo. "Wewe andika ukweli. Si mtihani."

Lakini kwa Kalekye kila kitu cha kujazwa kilikuwa mtihani. Alikuwa ameachia masomo darasa la nane, na tangu hapo hakuwa ameandika chochote kirefu kuliko jina la mtoto kwenye kitabu cha kliniki. Aliandika herufi moja moja, akifuta na kurudia, na mwishowe kisanduku kikawa na maneno manne: Nataka habari za mto.

Gathua aliyasoma kwa pembeni. Alikuwa mtu wa Nyeri, ana mwaka wa sita pale Matiliku, Kikamba chake kikiwa cha kuombea chumvi na kusalimia wazee. Yeye na wenzake wawili ndio walioanzisha Mwethya, mtandao huo wa kuandikiana. Jina walilikopa kutoka kwa ile desturi ya watu kukusanyika kulimiana shamba na kuchimbiana mitaro, leo kwako, kesho kwangu. Tofauti ni kwamba hii ilikuwa ya kwenye simu.

"Sasa hii si kama zile zingine?" Kalekye aliuliza.

"Zile zingine ziko na mwenyewe, na anakaa mbali, hata ukilia hasikii. Hii ni yetu. Mashine yenyewe iko hapo nyuma, inakula jua. Kibwezi wako na yao. Kitui mjini wako na yao. Kila moja na sheria zake, lakini zinasalimiana. Ukiwa huku unasoma za huko. Ni kama vijiji, unaona? Hakuna chifu wa vijiji vyote."

"Na hii yetu, chifu ni nani?"

"Hakuna. Kuna wasimamizi watatu. Mtu akitukana, tunamtoa. Mtu akituambia kuna hatari mahali, lazima twende tuone na macho. Hiyo tulipitisha kwa mkutano, watu wakainua mikono."

Neno hilo la kwenda kuona na macho ndilo lililomleta. Alikuwa amelisikia kwa Kasyoka, jirani yake. Wiki mbili zilizopita Kasyoka aliinama kuchota maji kwenye kisima cha mchangani, pale kona ya mikuyu, na ukuta wa mchanga ukamshukia mpaka kifuani. Wanawake walimvuta kwa leso walizofunga pamoja. Nyonga ilivunjika. Tangu hapo alikuwa akienda chooni kwa kushikwa, mama wa miaka thelathini na nne.

"Unahitaji watu wawili wa kusema wanakujua," Gathua alisema. "Kasyoka ameshasema. Mimi ni wa pili. Jina utajiita nani huko?"

Kalekye alifikiri. "Mwana wa Kaveke." Kaveke alikuwa mama yake, kule upande wa Kitui.

Fundi akamwonyesha haraka haraka, maana mteja alikuwa ameshaegemea meza. Hapa unaandikia watu wote, na ikienda hivyo hata vijiji vingine vinabaki na nakala. Hapa unaandikia wanaokufuata. Hapa ni siri: unaweka alama hii, unaandika jina la mtu, na inamfikia yeye.

"Watu wengine hawaioni?"

"Hawaioni."

Alitaka kuuliza kitu kingine, lakini mteja alikuwa amekwisha kuweka simu yake juu ya meza, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, na Gathua alikuwa amekwisha kumsahau.

Chumba ilimokaa ile mashine kilikuwa cha baba mkwe wa Kalekye. Mzee Nyamai Kyule alikitoa bure, jambo ambalo lilitangazwa kanisani Jumapili mbili mfululizo. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mto, na kwa sababu hiyo huko Mwethya alijiita Mtunzamto, neno moja, limeshikana. Watu waliandika, Mtunzamto amesema hivi, Mtunzamto amesema vile, mpaka wengine wakaanza kumwita hivyo hata sokoni.

Lakini hakuwa akisoma mwenyewe. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Kila jioni jua likianza kulala alikaa kwenye kiti chake cha ngozi mbele ya nyumba, akanyoosha simu hewani bila kutazama, na kusema, "Mama Muli, njoo unisomee." Kalekye alifuta mikono kwenye leso akaenda kuchuchumaa kando yake. Alisoma polepole, na mzee hakumharakisha hata siku moja.

"Wewe ndiye macho yangu," alimwambia siku fulani. Mwaitu, mama mkwe, alisikia akatikisa kichwa, kwa maana hilo lilikuwa neno kubwa kuambiwa mke wa mtoto.

Na hasa yeye, ambaye hakuwa mke kwa ukamilifu wake. Mbithi, bwana yake, alimchukua kutoka kwao miaka minne iliyopita, lakini zile mbuzi tatu za ntheo, zinazopelekwa kwa wazazi wa msichana ndipo watu wakubali kwamba ameolewa, hazijawahi kutoka zizini. Mwaka wa kwanza kulikuwa na kiangazi. Wa pili mzee aliumwa. Wa tatu na wa nne watu waliacha kutoa sababu. Bila mbuzi hizo, Kalekye alikuwa mgeni anayepika. Siku yoyote angeweza kuambiwa arudi kwao, na hakuna mzee hata mmoja ambaye angeinuka kumtetea.

Kwa hiyo alijifunza kutazama na kunyamaza. Alikuwa na kipaji cha mambo hayo mawili.

Jumapili iliyofuata mtoto wake Muli aliamka na matubwitubwi, mashavu yamevimba kama aliyeficha ndizi mdomoni. Watu wa nyumba walienda ibada, naye akabaki. Saa nne hivi, akiwa nyuma ya nyumba anaanika nguo, alisikia ngurumo kule chini mtoni. Akasogea mpaka kwenye ua. Kupitia katikati ya mikatani aliona lori jekundu limesimama ndani ya mto mkavu, limezama nusu gurudumu, na wanaume watano wanapakia mchanga kwa mabeleshi. Walifanya kazi upesi, bila kuongea. Kutoka kanisani, ng'ambo ya kilima, kuimba kulikuwa kunasikika.

Lango la miiba ambalo kamati ilifunga kwa mnyororo kuzuia wezi wa mchanga lilikuwa wazi. Kando yake alisimama mtu mwenye koti la kijivu na kofia mkononi. Alisimama kama anayengoja mwenzake amalize haja. Lori lilipopanda kuondoka, aliuvuta mlango wa miiba mahali pake, akapapasa kufuli kwa vidole kwa sababu hakuiona vizuri, akaifunga. Kisha akavaa kofia, akashika njia ya kanisani, akawahi mahubiri.

Kalekye alibaki ameshika suruali mbichi ya mtoto mpaka maji yakaacha kudondoka.

Alimpigia Mbithi, aliyekuwa Kibwezi kwenye mashamba ya kunyunyizia. Alimweleza kwa mzunguko, kama mtu anayepita kando ya nyoka.

"Umeona vibaya," Mbithi alisema.

"Nimeona vizuri."

"Basi umeona mambo ya wazee. Achana nayo. Mambo ya mzee huyajui wewe. Unataka nikosane na baba juu ya mchanga?"

"Si mchanga, Mbithi. Mchanga ukichukuliwa maji yanazama, kisima kimefika urefu wa mtu. Kasyoka—"

"Kasyoka alichimba vibaya," alisema, na hapo Kalekye akajua kwamba jambo hilo lilikuwa limezungumzwa kabla yake.

Kwa chifu hakungekuwa na haja ya kwenda. Chifu na mzee walikunywa chai meza moja. Ilibaki Mwethya. Wasimamizi watatu, na sheria iliyoinuliwa mikono.

Jumatatu, mtoto alipolala mchana, aliketi kwenye kizingiti cha jikoni akafungua ile sehemu ya siri. Aliweka alama, akaandika jina la Gathua, na lenyewe likageuka rangi ya samawati. Kisha: Lori linakuja Jumapili watu wakiwa kanisani. Anayefungua lango ni...

Akakwama.

Jina la baba wa bwana halitamkwi na mke wa mtoto. Hakuna aliyemfundisha hilo kwa kumkalisha chini. Alikua nalo, kama mtu anavyokua na kutompitia mkwe mbele ya miguu. Hata kijiko kikianguka kikalia mlio unaofanana na jina la mkwe wake mwenyewe, mama yake alikuwa akigeuza uso. Wanaiita nthoni, ile aibu ya ukweni, na ingawa wachungaji walisema ni mambo ya zamani, hakujua mwanamke hata mmoja wa kanisa lao aliyewahi kuivunja. Kalekye hakuwa amewahi kuliandika jina hilo popote. Kwenye kitabu cha kliniki, mahali pa babu, aliacha wazi, na nesi akamjazia.

Angeweza kuandika baba. Alijaribu. Aliandika "baba ya bwana yangu" akatazama maneno hayo yakikaa kwenye mstari mmoja na lile lori, kidole kikafuta chenyewe.

Ndipo akakumbuka kwamba huko ndani mzee hakuwa na jina. Alikuwa na kile kijina cha kikazi, kitu kama kofia, ambacho mtu yeyote angeweza kukitaja bila dhambi. Akaandika alama, akaandika mtunzamto. Nalo likageuka samawati, vizuri kabisa, kama lile la Gathua. Alifurahi hata. Alidhani ni dalili kwamba hajakosea popote.

Akatuma.

Mashine kule nyuma ya maduka haikujua tofauti ya anayeambiwa na anayesemwa. Iliona majina mawili, ikapeleka barua mbili.

Simu ya mzee ililia mezani kabla Kalekye hajainuka kwenye kile kizingiti.

"Mama Muli," sauti ilitoka nje. "Njoo unisomee."

Mwaitu alikuwa chini kwenye mkeka akipepeta pojo kwa ungo. Mzee aliinyoosha simu hewani kama kawaida. Kalekye aliichukua, na maneno yake mwenyewe yakamtazama. Mwana wa Kaveke, lilisema jina la juu. Lori linakuja Jumapili.

"Ni nini?"

Hapo palikuwa na watu watatu na mmoja tu aliyeweza kusoma. Alilijua hilo. Lilimjia kama baridi ya usoni.

"Ni tangazo, Nau," alisema. Nau ni baba, na ndivyo alivyomwita siku zote. "La mkutano wa akina mama. Wamesogeza Alhamisi."

"Hao akina mama kila siku wanasogeza," mzee alisema kwa upole.

Simu ikalia tena mkononi mwake, akashtuka karibu aiangushe. Ilikuwa Gathua. Kwa haraka zake fundi mwenyewe alikuwa amebonyeza kujibu, na jibu likafuata njia ile ile ya majina mawili: Kalekye umemtumia na yeye!! Futa sasa hivi.

"Na hiyo?"

"Wanasema... waje na viti."

Mwaitu alicheka. "Viti! Si wakae chini kama sisi."

Kalekye aliitazama ile meseji. Angeweza kuifuta hapo hapo, kwake na kwa mzee, na mambo yakaisha. Kidole chake kilikuwa kimeshaanza kutafuta mahali.

"Kabla hujaniwekea," mzee alisema, akijiegemeza. "Niandikie kitu. Andika kwa wote. Andika: Mtunzamto anawasalimia. Kamati imekagua kona ya mikuyu, mto uko salama, akina mama warudi kuchota pale. Wasihangaike kwenda mbali."

"Mmekagua lini, Nau?"

Hakuuliza kwa kiburi. Lilimtoka tu. Ungo wa Mwaitu ulisimama.

"Jana," mzee alisema. "Baada ya ibada."

Kalekye alifungua pale pa kuandikia. Aliandika Mtunzamto anawasalimia. Aliandika kamati. Watu humwamini Mtunzamto; kesho alfajiri wangejaa pale na mitungi, na Kasyoka hangekuwa wa mwisho. Kidole kilisimama juu ya neno salama, kikakataa kama punda aliyefika darajani.

"Umemaliza?"

"Nau," alisema. "Ile meseji ya kwanza sikuisoma vile ilikuwa."

"Ilikuwa aje?"

Akarudi nyuma kwenye simu akaisoma yote, kwa sauti ile ile ya kila jioni, polepole, mpaka kwenye kile kijina cha mwisho. Kuku mmoja alipita katikati yao akidonoa pojo iliyoruka.

"Na anayeandika?"

"Mwana wa Kaveke."

Macho ya mzee yenye ukungu yaliangalia mahali fulani juu ya bega la Kalekye. Mwaitu ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Ngai, Mungu wangu," kisha akaanza kuokota pojo moja moja, kama kwamba zilikuwa zimehesabiwa.

"Mimi sikukasirikii," mzee alisema hatimaye. "Wewe ni mtoto. Unaona lori, hujui lori linalipia nini. Lile paa la kanisa unafikiri lilianguka kutoka mbinguni?" Akapapasa goti lake. "Sikiza. Mwezi huu nitatoa zile mbuzi. Zote tatu. Nitazipeleka mimi mwenyewe kwa Kaveke, na shuka ya mama juu. Utakuwa mtu wa hapa. Hakuna atakayekuuliza tena. Sasa malizia kuandika."

Kwa miaka minne alikuwa amengoja kusikia sentensi hiyo. Alikuwa ameiota, na ndotoni mzee alivaa koti lile lile la kijivu.

"Siwezi, Nau."

"Huwezi au hutaki?"

"Wataangukiwa."

"Andika, Mama Muli."

Aliiweka simu juu ya meza, taratibu, uso ukiangalia chini, akarudi jikoni. Nyuma yake alisikia mzee akipapasa kuitafuta, ikamponyoka, ikaanguka. Mwaitu akamwokotea.

Kesho yake asubuhi alimkuta Gathua nje ya banda, amekaa kwenye kreti ya soda, mikono haina kazi.

"Nilikukosea," Gathua alisema kabla hajasalimiwa. "Ilikuwa nikwambie. Kila jina ukiweka hiyo alama, inampata. Kila jina. Na mimi naye nikajibu kama mlevi."

"Mtakuja kuona mto?"

"Mzee alikuja hapa saa kumi na mbili. Hakupiga kelele. Amesema anataka chumba chake leo saa sita. Ana mahindi ya kuweka."

"Mahindi gani? Mwaka huu nani amevuna?"

"Ndiyo nakuambia." Alitema mate kando. "Tulisema ni yetu. Tulipitisha sheria, tukachagua wasimamizi, tukaulizana hata jina. Hakuna mtu aliuliza chumba ni ya nani. Wale wenzangu wawili wamesema tungoje, mambo ipoe. Mmoja amenipigia kuniuliza kama wewe uko sawa kichwani."

"Na wewe?"

"Mimi ni mtu wa kuja, Kalekye. Hili banda nalo nalipa kwa kaka yake. Wakinitoa hapa nitaenda wapi, Sultan Hamud nianze upya?" Aliangalia saa kwenye simu, akaangalia barabara. "Lakini mashine bado iko hewani mpaka saa sita. Kitu mtu akiandikia wote kabla ya hapo, Kibwezi itabaki na nakala. Kitui itabaki na nakala. Hapa tukizima, huko hakuzimiki." Akainuka, akapanguza suruali. "Mimi sijakuambia uandike. Naenda kununua chai."

Akaenda kweli, akamwacha na kreti.

Kalekye alikaa. Ilikuwa saa nne na nusu. Aliandika: Musichote maji kona ya mikuyu chini ya Matiliku. Mchanga unaibwa Jumapili, kisima kitaanguka tena. Anayefungua lango ni... Hapo tena, mahali pale pale.

Lakini sasa kofia haingemsaidia. Watu wa Kibwezi na Kitui hawakumjua Mtunzamto ni nani. Wangesoma, waseme pole, wapite. Na saa sita kijina hicho kingezimwa pamoja na mashine, pasibaki mtu yeyote huko ndani anayeitwa hivyo.

Wanawake wawili walipita wakamsalimia. Aliwaitikia. Aliandika herufi ya kwanza ya jina akageuza uso pembeni, akaandika iliyofuata bila kutazama, akarudi kurekebisha. Nyamai Kyule. Lilikuwa fupi hivyo. Akaongeza, kwa sababu jambo lilikuwa limekwisha kuharibika: baba ya bwana yangu. Mimi ni Kalekye, nimeona na macho. Akatuma kwa wote.

Gathua aliporudi na chai, aliona uso wake, akaiweka chini kando yake. Saa sita kasorobo aliingia chumbani nyuma, na baadaye akatoka na kisanduku cheusi kisichozidi Biblia ya mchungaji, amekikumbatia kifuani, nyaya zikining'inia. Kwenye simu ya Kalekye ukurasa ulizunguka, ukazunguka, ukawa mweupe.

Mbithi alipiga saa tisa.

"Kuna kijana wa Kibwezi amesoma hapa mbele ya watu wote, tukiwa kwa mabomba," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia au aliyekunywa. "Kalekye. Uliliandika?"

"Amesoma ile ya kisima?"

"Nakuuliza jina. Uliliandika wewe, kwa mkono yako?"

"Niliandika."

"Lote?"

"Lote."

Alimngoja aseme juu ya Kasyoka, au lori, au hata paa la kanisa. Alisikia maji yakimwagika nyuma yake, maji mengi ya mashamba ya watu.

"Basi," Mbithi alisema, "hapo sina la kusema." Akakata simu.

Jumatano asubuhi mzee alikuwa kwenye kiti chake mapema, na koti. Alisubiri Kalekye amalize kufagia uwanja. Hakumwita Mama Muli.

"Mwana wa Kaveke," alisema. "Utaenda kwenu."

"Ndiyo."

"Sikufukuzi mke wa mtu. Hakuna mke hapa. Ulikaa tu."

"Nimesikia."

Vitu vyake vilijaa mfuko mmoja wa sandarusi, na leso ya kufungia mtoto. Muli bado alikuwa na mashavu yaliyovimba, amevaa sweta, ameshika mkia wa paka. Alipoinama kumchukua, mzee aliinua mkono.

"Huyo mtoto abaki. Ni damu ya hapa. Ni jina la baba yangu hilo amepewa."

Mwaitu alitokea mlangoni akasimama. Sauti ya Kalekye ilitoka kawaida, ile ya kusomea.

"Mbuzi za ntheo ziko wapi, Nau?"

Mzee alishusha ule mkono.

"Kama hazijaenda kwa Kaveke, mimi si mke. Na kama mimi si mke, mtoto ni wa kwetu. Hiyo si mimi nimesema. Wazee wenyewe ndio wanasema."

Kule zizini mbuzi mmoja alikohoa. Mzee aligeuza kichwa kuelekea sauti hiyo na akabaki hivyo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alichokuwa amekuja kuchukua. Alikuwa ameamua kesi nyingi za watu kwa sheria hiyo, na hakuna hata moja aliyoipindisha.

"Chukua," alisema.

Kalekye alimfunga mtoto mgongoni. Hakuna aliyemsindikiza, ila Mwaitu alimfuata mpaka kwenye ua akampa chupa ya maziwa iliyozibwa kwa gunzi.

"Hata kama ni mto," mama mzee alinong'ona, na midomo yake ilikuwa imekazana kwa hasira na aibu. "Hata kama ni watu kufa. Jina, mwanangu? Si ungeniambia hata mimi, nikaenda nikaliandikisha? Mimi mke wake nina ruhusa."

"Ungeenda, Mwaitu?"

Mwaitu aliangalia pembeni. "Mvua isikupate njiani," alisema, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe tupu, akarudi ndani.

Kalekye alipanda njia ya kilima. Mtoto alikuwa mzito kuliko siku nyingine, au mfuko ndio ulimvuta upande mmoja. Huko kwao Kaveke angemuuliza swali lile lile la Mbithi, alijua, na angeulizwa hivyo hivyo kwenye kila nyumba, miaka na miaka. Na hakuna ambaye angemwoa mwanamke aliyetamka jina la mkwe. Alipofika juu alipumzika, akageuka, si kwa kutaka kuona chochote bali kwa sababu ya pumzi.

Nyumba ilionekana ndogo. Mwaitu alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma na mtungi mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, ameinama kama wanavyoinama wote. Alifika pale njia inapogawanyika, ya kushoto ikishuka kona ya mikuyu, hatua mia mbili tu, na ya kulia ikizunguka mpaka kisima cha shule, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mzee. Alisimama. Aliangalia nyuma kuelekea kiti cha ngozi, ambacho mwenyewe wake hangemwona kwa umbali huo. Kisha akaingia njia ya kulia.